Ujazo wa Mkono

Swali lilinianza kwenye goti. Tangu tulipoingia kwenye foleni goti langu la kushoto lilikataa kutulia, likawa linatikisika lenyewe, nikalishika kwa kiganja kama mtu anayemtuliza mbuzi, nalo lilipotulia la kulia likapokea zamu. Nikajiuliza: kama sehemu ya mwili haikai mahali pake, je, mwili huo unachukua nafasi moja au mbili? Aliyetulia yuko hapa, basi. Asiyetulia yuko hapa, yuko pale, na yuko hata pale ambapo hajafika. Labda mimi ni mkubwa kuliko ninavyoonekana. Na mkubwa asiye na uzito wa kutosha ni mwepesi, na wepesi katika mji huu ndilo kosa pekee lililobaki baada ya mengine yote kusamehewa.

"Goti lako linanigonga," mke wangu Sikudhani akasema bila kugeuka. Alikuwa mbele yangu kwenye foleni. "Kama unataka kucheza ngoma, subiri kwanza nipimwe."

"Halinisikii."

"Hakuna kitu chako kinachokusikia wewe. Hata hizo ndevu zinaota zinapotaka."

Nieleze foleni hii ni ya nini, maana hata baadhi ya waliomo wamesahau. Mji wetu uliwahi kuchukuliwa na upepo. Hakuna aliyeliona jambo hilo kwa macho yake, lakini kila mtu analikumbuka: upepo ulikuja, ukainua nyumba na visima na vyungu vikiwa bado jikoni, ukaviweka hapa, na tangu hapo hatujui hapa ni wapi wala tulikotoka ni wapi. Jana yetu ilibaki kule. Ndiyo maana mtu akikuuliza jana ulifanya nini, unamjibu kwa kubahatisha. Walioamka wa kwanza baada ya upepo ule, tunaowaita Waanzilishi, waliapa kwamba mji hautapeperushwa tena, na kwamba dawa ni moja: wakae ndani yake watu wazito peke yao, waukandamize ardhini kwa kukaa tu. Mwepesi atoke nje ya lango, akapeperuke mwenyewe.

Lakini uzito una hila zake. Ng'ombe ni mzito, na furushi la pamba likiwa kubwa vya kutosha nalo ni zito. Waanzilishi hawakuwa wajinga, waliliona hilo. Wakasema mtu asiulizwe tu ana uzito gani, aulizwe ana uzito gani katika nafasi anayoichukua hapa duniani. Kitu hicho wakakiita densiti, na walilitamka neno hilo kwa sauti ya chini kama mtu anayelazimika kutaja jina la mkwewe. Uzito ni rahisi kuujua: unamkalisha mtu kwenye mizani. Nafasi ndiyo ngumu. Mtu hana pembe nne. Ana makwapa, ana mikunjo ya masikio, ana tumbo linaloingia na kutoka. Utampima kwa kamba mpaka lini? Kwa hiyo kazi hiyo wakayaachia maji. Mtu akizama ndani ya birika lililojaa pomoni, maji yanayomwagika ndiyo nafasi yake, pamoja na makwapa yake na masikio yake. Maji hayana haja ya kuijua sura yako. Yanakupisha tu, na kiasi yanachokupisha ndicho kiasi ulicho.

Hapo ndipo akili yangu huanza kuzunguka na kukosa pa kukaa.

Nipo kwa kadiri ninavyopishwa. Haya. Na asiyepishwa na chochote, hayupo? Na anayepishwa na kila kitu, yule ambaye akipita watu hubanana ukutani, huyo ni mkubwa kiasi gani? Nani amewahi kumkingia maji yake? Nikaliacha swali likae. Halikukaa. Likashuka tena kwenye goti.

Tulikuwa kwenye foleni tangu asubuhi ile ile, ingawa mahali fulani katikati yake ndevu zangu zilitoka mvi. Sina hakika kama nilimwoa Sikudhani kabla ya kuja hapa, au kama tulikutana humu humu, nikamwachia nafasi mbele yangu kwa adabu, na adabu ikawa ndoa. Nikimuuliza anacheka. Majina yetu tuliyaacha mwanzo wa foleni, yametundikwa kwenye misumari pamoja na kofia na mikufu, kwa kuwa jina lina uzito wake na mtu anaweza kulitumia kudanganya mizani. Ukimaliza kupimwa unachukua lako na kwenda nyumbani. Wengine kwa haraka huchukua jina la mtu mwingine, wakaishi nalo salama mpaka kufa kwao. Sikudhani hakukubali. "Nimewatundikia la uongo," aliniambia. "La kweli ninalo mdomoni, chini ya ulimi." Na kweli, alipozungumza niliona kama analisogeza kidogo ili maneno yapite.

Nyuma yangu alisimama mwanamke mtu mzima, Bi Mwatumu, aliyekuwa akila udongo wa pemba kipande baada ya kipande, kama wanavyokula wajawazito, ili auongeze uzito. Hii haikuwa mara yake ya kwanza. Mji hupima tena na tena, kwa sababu mtu hupungua.

"Chukua, mwanangu," akaniambia, akininyooshea kipande. "Unatikisika sana. Unajipunguza."

"Ahsante, mama. Sina hamu."

"Mwanangu Mashavu naye hakuwa na hamu. Akapimwa na tumbo tupu." Akatafuna kipande kingine. "Wakasema mwepesi. Mashavu, mwepesi! Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kutoka kisimani, mgongo huu, hata leo hii unauma mvua ikitaka kunyesha. Mimi ndiye ninayejua uzito wa yule mtoto."

"Ulisema?"

"Nimwambie nani? Maji?"

Mbele yetu foleni ikasogea hatua, na Sikudhani akawa amefika.

Uwanja wa kupimia ulikuwa na vitu vitatu tu: mizani kubwa yenye vitanga viwili, birika la mawe refu kiasi cha mtu kulala, na lango la mji, ambalo upande wake wa pili hapakuonekana kitu ila mwanga na vumbi linalozunguka. Mwenye uwanja huo aliitwa Msoma Maji, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja ya kuyaona maji na nyingine ya kuwaona watu, na hii ya watu aliisukuma juu kwenye paji la uso muda wote. Kando ya birika alisimama mtu mkubwa, mikono wazi hadi mabegani, mikono minene kama mapaja ya watu wengine. Huyo aliitwa Mkono. Hata yeye alijiita hivyo. "Mkono umechoka leo," alikuwa akimwambia mlinzi. "Mgongo unausumbua Mkono tangu jua lilipotoka." Alikuwa na tabia njema. Kabla ya kumgusa mtu alisugua viganja vyake na kuvipulizia, ili mtu asishtuke na baridi.

Sikudhani akakaa kwenye kitanga kimoja. Mchanga ukamiminwa kwenye cha pili mpaka mti wa mizani ukalala sawa. Akashuka, mchanga ukabaki, na kuanzia hapo mchanga ule ndio uliokuwa Sikudhani. Mlinzi mmoja aliukanyaga kidogo pembeni akauambia, "Samahani, dada." Kisha wakaweka juu ya mchanga mtungi mtupu, ndugu wa mtungi uliokuwa chini ya mdomo wa birika kukinga maji, ili mke wangu asije akadaiwa hata uzito wa udongo wa mfinyanzi. Niliguswa. Nikasema moyoni, hawa ni watu wa haki, wamefikiria mpaka mtungi.

"Toa pumzi yote," Msoma Maji akamwambia Sikudhani alipokwisha kuingia majini. "Mji haupimi hewa."

Sikudhani akanitazama, akajikamua pumzi kama mtu anayekamua nguo, akazama. Maji yakatoka kwenye mdomo wa birika, yakamwagika mtungini kwa nguvu, yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone, yakakoma. Nilimwona kule chini, mgongo wake umegusa jiwe, nywele zinaelea juu ya uso wake. Alikuwa amezama mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Nikashusha pumzi kwa niaba yake.

Ndipo Mkono akasugua viganja, akavipulizia, akaitia mikono yote miwili birikani mpaka juu ya viwiko, akaviweka viganja kwenye mabega ya mke wangu ambaye hakuwa na mahali pengine pa kushuka. Hiyo ndiyo desturi. Waanzilishi waliogopa kwamba mtu atabakisha pua nje ya maji, au kidole, akajifanya mdogo, wakaamuru kwamba kipimo kisicho na Mkono si kipimo. Na mdomo wa birika, ambao ulikuwa umenyamaza, ukaanza kutiririka tena.

Mtungi ukapandishwa kwenye kitanga. Upande mmoja mchanga, upande mmoja maji: mchanga ukishinda, mtu ni mzito; maji yakishinda, ni mwepesi. Mti wa mizani ukasitasita, kisha ukainama upande wa maji, kidogo tu, kama mtu anayeinama kusikiliza.

"Mwepesi," akasema Msoma Maji. "Atoke kabla nywele hazijakauka."

Kengele ikapigwa na lango likafunguliwa. Niliogopa. Sijui namna nyingine ya kulisema hilo. Niliona kwamba nitarudi nyumbani, kama tulikuwa na nyumba, na kitanda kitakuwa na nafasi ambayo hakuna wa kuijaza, na mimi nitalala pembeni yake nikijua ujazo wake kamili.

Sikudhani alitoka birikani akitetemeka. "Usilie mbele ya watu wazito," akaniambia. "Watakukanyaga." Kisha kwa sauti ya chini: "Nywele zangu ni nyingi. Bado tuna muda."

Bi Mwatumu alivua kanga yake ya mabegani, akaichovya kwenye dimbwi lililotuama chini ya birika, akamfunika nayo Sikudhani kichwani, maji yakamchuruzika shingoni. Walinzi wakatazamana. Sheria ilisema nywele, na nywele zilikuwa zimelowa, wafanye nini? Wakasubiri, na lango likasubiri, na vumbi kule nje likaendelea kuzunguka.

"Mama," nikamwambia Msoma Maji. "Yale maji yalikoma."

"Maji yapi?"

"Ya mke wangu. Alifika chini, mdomo ukanyamaza, sote tumesikia. Halafu Mkono akaingia, mdomo ukaanza tena. Yale ya pili ni ya nani?"

"Ni yake. Aliyepimwa ni yeye."

"Na Mkono alikuwamo."

Kwa mara ya kwanza Msoma Maji akaishusha ile miwani ya watu, akanitazama kwa muda, bila chuki. "Mkono hauna ujazo," akasema. "Hilo halikuandikwa popote kwa sababu halihitaji kuandikwa. Mkono ni wa mji. Mji hauchukui nafasi ndani ya mji."

Mkono hauna ujazo. Nikalirudia, nikalitafuna. Anayekusukuma hayumo. Anayekushikilia chini hayumo. Umo wewe uliyeshikiliwa, na kila kilichomwagika ni chako. Ukipiga kelele, kelele ni zako. Ukikosa nafasi ni kwa sababu umeenea sana. Ni nani aliyewahi kuingia kwenye maji haya peke yake? Ni nani katika mji mzima anayejua yeye ni kiasi gani, yeye tu, bila viganja mabegani? Walikumbuka mtungi. Walikumbuka udongo wa mfinyanzi, wakauondoa kwa uangalifu kwenye hesabu ya mke wangu. Mikono minene kama mapaja wakaisahau, na kila walipotazama walitazama kupitia hiyo mikono. Nilihisi hasira, na hasira ilinipa faraja ya ajabu, kwa sababu ilikaa mahali pamoja.

Nikamgeukia Mkono, nikamshika juu ya kiwiko. Vidole vyangu havikufika nusu ya kukizunguka.

"Kaka, hapa una nini?"

"Mkono hauna kitu hapo," akajibu kwa upole, kama amefundishwa. Akautazama mkono wake. "Ila huwa unalowa."

"Kisicho na ujazo kinalowa wapi?"

Birika lilikuwa limekwisha kujazwa kwa ajili ya Bi Mwatumu, maji yakitetemeka ukingoni, mdomo ukidondosha tone la mwisho, na chini yake mtungi mwingine mtupu. Nadhani Mkono hakukusudia uasi. Nadhani ilimwasha tu, jinsi inavyomwasha mtu kugusa jino linalouma. Akasugua viganja, akavipulizia ingawa hakukuwa na mtu wa kuguswa, akaitia mikono yote miwili kwenye birika lisilo na mtu.

Maji yakamwagika. Yakamwagika kwa muda mrefu, mbele ya foleni nzima, sauti yake ikafika nyuma kabisa ambako watu walikuwa bado hawajui foleni ni ya nini. Mkono alibaki ameinama, akiutazama mtungi ukipokea, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia akiitwa kutoka nyumba ambayo alidhani imevunjwa.

"Yote haya ni yangu?" akauliza.

Bi Mwatumu akasogea mpaka kwenye mtungi, akachungulia ndani, akatikisa kichwa polepole. "Maji haya," akasema. "Maji haya tu? Ndiyo yaliyomtoa Mashavu?"

Msoma Maji akanivuta kando, nyuma ya mizani. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, naye pia hakuwa ametulia, pengine hajawahi kutulia tangu apewe miwani zile. "Unajua tuliowatoa wako wangapi kule nje?" akaninong'oneza. "Nikisema leo kwamba Mkono una ujazo, niwaambie nini wenye watu wao? Na upepo ukija, nani ataushika mji? Wewe?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Mimi nisiyejua ndiye ninayesoma. Sikiliza. Yule ameshaonekana, hafai tena. Wewe una vidole vyembamba. Uwe Mkono wewe. Mkeo atapimwa upya, utamgusa kwa ncha ya kidole kimoja, si zaidi, na mchanga wake utashinda. Atabaki. Wengine utawapima kwa desturi, mpaka viwiko. Na swali lako utalimeza."

Nilitaka. Naliandika wazi, bila kulipamba: nilitaka kwa mwili wangu wote. Niliona ncha ya kidole changu, jinsi ilivyo ndogo, tone moja labda, matone mawili, na Sikudhani akirudi nyumbani na jina lake chini ya ulimi. Nikajiambia kwamba nikiwa Mkono nitawagusa wengine nao kidogo kidogo, kwa huruma. Nilijua kuwa ni uongo hata nilipokuwa nikiufikiri, kwa kuwa huruma yenye viwiko ni ile ile niliyoiona ikisugua viganja. Lakini nilikwenda, nikasimama kando ya birika. Miguu yangu, ambayo hainisikii, siku hiyo ilinisikia.

Sikudhani alikuwa amekwisha kukalishwa tena kwenye mizani, maana aliyelowa si sawa na aliyekauka, na mchanga wake ukaongezwa kidogo mpaka mti ukalala sawa. Alipopita karibu yangu akasimama.

"Amekuambia nini huyo?"

Nikamwambia. Sikumficha hata neno moja. Sijui kumficha kitu, na hilo ndilo limenifanya niwe mume wa maana kidogo.

Akamtazama Bi Mwatumu, aliyekuwa amesimama bila kanga, mabega wazi, akisubiri zamu yake. "Na huyu mama utamwingizia kidole au viwiko?"

Nikavitazama viwiko vyangu.

"Sikiliza, bwana. Ukiniwekea hata ukucha humo ndani, usiku ukalale kwa mama yako."

"Watakutoa."

"Basi nitatoka nikiwa mimi. Sitaki kubaki hapa kwa kidole chako."

Birika lilikuwa limejazwa tena pomoni. Akaingia majini. Msoma Maji akamwambia atoe pumzi. Sikudhani akafanya kinyume: akavuta pumzi, ndefu, kifua kikapanda, mashavu yakajaa, akajilaza chali juu ya maji kama mtu aliyetoka kazini akajitupa kitandani. Hakuzama. Akaelea, pua na vidole vya miguu vikiwa nje, nywele zimetawanyika. Mdomo wa birika ukatiririka, ukapungua, ukakoma.

"Toa pumzi!"

Alitikisa kichwa. Alisema baadaye kwamba alitaka kujibu "pumzi ni yangu, nipimeni nayo", lakini angejibu angeimwaga.

"Msukume!" Msoma Maji akaniamuru. "Kipimo kisicho na Mkono si kipimo!"

Mikono yangu ilikuwa juu ya maji. Niliona vivuli vyake juu ya kifua cha mke wangu, vivuli vinene kuliko mikono yenyewe. Alinitazama kutoka chini, macho yake hayakuniomba kitu. Nilihisi ubaridi wa maji ukipanda kwenye viganja kabla sijayagusa. Maji yalikuwa yamembeba. Hakuna aliyeyaamuru, yalikuwa yamembeba tu, na mimi ndiye niliyetakiwa kuyapinga. Nikaikunja mikono yangu, nikaitia kwapani, nikaibana.

Mtungi ukapandishwa. Walinzi waliupandisha kwa mazoea, kwa sababu ukijaa hupandishwa. Maji upande huu, mchanga upande ule. Mti wa mizani ukayumba, ukarudi, ukayumba kidogo zaidi, ukatulia. Ulilala sawa. Hakuna kitanga kilichoshuka na hakuna kilichopanda. Msoma Maji akaugonga kwa kidole, ukatetemeka, ukarudi pale pale. Anayeachwa aelee humwaga maji ya uzito wake, sawasawa, na hivyo ndivyo ingekuwa kwa yeyote kati yetu, mnene au mwembamba, anayekula pemba na asiyekula. Maji hayamdai zaidi ya alivyo. Ni jambo dogo, nalo lilikuwa humo ndani ya birika siku zote, na hakuna aliyeliona kwa sababu hakuna aliyeachwa.

Tukangoja neno. Msoma Maji alikuwa na maneno mawili tu, mzito na mwepesi, na alifungua kinywa kwa la kwanza, akakifunga, akakifungua kwa la pili, akakifunga. Akavua miwani moja, akavua nyingine. Bila miwani alionekana msichana mdogo.

"Mama," mlinzi wa lango akaita, "tufunge au tuache?"

"Jamani, naona baridi," Sikudhani akasema, akatoka birikani mwenyewe, akajifunga ile kanga ya Bi Mwatumu. Akaja akasimama karibu yangu, akanikanyaga mguu kwa makusudi, na nikajua kwamba leo silali kwa mama yangu.

Msoma Maji akageuka kumtafuta Mkono. Nadhani alitaka kumwamuru aanze upya, arudishe mambo yalivyokuwa. Lakini yule mtu mkubwa alikuwa anavua shati.

"Mkono haupimwi!" Msoma Maji akapiga kelele.

"Siitwi Mkono," akasema yule mtu. Alilitafuta neno lililofuata kwa muda, midomo ikijaribu hili na lile. "Naitwa Mwinjaka."

Akalijaza birika upya mpaka ukingoni, akaingia, akavuta pumzi, akalala chali. Maji yakatoka kwa kishindo. Mtungi ukajaa, ukafurika, walinzi wakaleta mwingine, huo nao ukajaa. Sikuwahi kuona mtu mkubwa hivyo, na alikuwa amesimama pale mbele yetu siku zote. Alifumba macho. Mgongo wake, uliomsumbua tangu jua lilipotoka, ulikuwa sasa umelalia maji, na usoni mwake nikaona mtu anayepumzika kwa hofu, kama mgeni asiyejua kama kiti alichokalia ni cha mwenyeji.

Bi Mwatumu akaja akasimama juu yake. Akanyoosha mkono wake mwembamba, akauweka juu ya kifua cha Mwinjaka, kiganja wazi. Hakuna mtu aliyesogea. Angesukuma, hakuna hata mmoja wetu ambaye angemlaumu, na mimi, nakiri, nilitaka asukume. Mwinjaka akafumbua macho akamwona.

"Mashavu alikuwa mzito," Bi Mwatumu akasema.

"Najua, mama," akajibu, taratibu, ili pumzi isimtoke. "Nilipomshika mabega alikuwa ameshafika chini."

Bi Mwatumu akabaki vile vile, kiganja kifuani, kikipanda na kushuka na pumzi ya yule mtu. Kisha akakiondoa. Akakifuta kwenye gauni lake, upande mmoja, upande wa pili. Hakumtazama Msoma Maji wala mizani. Akageuka akaelekea langoni, akiita jina la mwanawe kabla hata hajafika, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula, na walinzi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia neno lolote, wakampisha.